Bulldog wetu ataiweza safari ya boti kwenye mto Saône?

"Daktari, habari za kazi. Sisi ni familia ya watu wanne tunaoishi Freiburg, Ujerumani. Mwezi wa Julai tunapanga kukodi boti ya injini kwa wiki mbili nchini Ufaransa, tuanzie Saint-Jean-de-Losne, tuteremke na mto Saône hadi Mâcon, na tukipata nafasi tuingie mto Seille. Tuna mbwa dume, bulldog wa Kifaransa, mwenye miaka 5 na kilo 13. Anakoroma sana usiku lakini ni mzima. Ninachoogopa ni kufa maji. Mume wangu anasema mbwa wote huzaliwa wakijua kuogelea, na kwamba inatosha kumfunga kamba kwenye sitaha. Anasema pia tumpunguzie maji ya kunywa ili asitake kushuka kila saa, na siku za mwanzo tumpe dawa ya kumtuliza kwa sababu ya mngurumo wa injini. Je, ni salama? Na akinywa maji ya mto kuna ubaya?"

Dada yangu, swali lako lina mambo mawili makubwa, na moja umelitaja kwa kupita tu. Unaogopa mbwa asizame, nayo ni hofu ya haki ambayo nitaijibu kwa kirefu. Lakini yaliyonishtua mimi ni maneno matatu: Julai, bulldog, anakoroma. Kwa maoni yangu mbwa wako yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuuawa na joto akiwa amelala juu ya sitaha kavu, na ile mipango ya kumpunguzia maji na kumpa dawa ya kumtuliza inaizidisha hatari hiyo hiyo. Kwa hiyo niruhusu nianze na joto, kisha tushuke mtoni.

Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Ana tezi chache za jasho kwenye nyayo, ambazo hazitoshi kumpoza. Anachotegemea ni kuhema: hewa inapita kwa kasi juu ya ulimi na kwenye mikunjo yenye unyevu ndani ya pua, unyevu huo unageuka mvuke, na mvuke unapoondoka unachukua joto la damu. Ndiyo kazi inayofanywa na mtungi wa udongo, unaopoza maji kwa sababu unatokwa na unyevu kidogo kidogo nje na unyevu huo unakauka. Sasa, bulldog wa Kifaransa amezalishwa kwa vizazi vingi ili uso wake uwe mfupi, lakini nyama za ndani hazikupungua kwa kiasi kile mifupa ilivyopungua. Matundu ya pua ni finyu, mikunjo ya ndani imebanana, kaakaa laini ni refu mno na linaning'inia kwenye njia ya hewa, na mara nyingi bomba la hewa lenyewe ni jembamba kuliko inavyotakiwa. Mkoromo unaousikia usiku kwa kawaida ni sauti ya kaakaa hilo likitikisika hewa inapolazimisha kupita. Wenye mbwa wa aina hii wengi wamezoea kuuona kuwa ndiyo tabia yake. Kwangu mimi mkoromo mkubwa ni dalili ya kupimwa.

Joto linapopanda, mbwa mwenye pua ndefu huhema kwa wepesi na kupoa. Wako analazimika kuvuta hewa kwa nguvu, misuli inayofanya kazi hiyo inazalisha joto lake yenyewe, koo linavimba kwa kusukwasukwa na hewa, na koo likivimba njia inazidi kubana. Mzunguko huo ukishaanza, unaweza kumfikisha pabaya kwa muda mfupi sana. Mtoni kuna jambo la ziada. Hewa ya juu ya maji huwa na unyevunyevu, na hewa iliyokwisha kubeba unyevu haipokei mvuke zaidi kwa urahisi, hivyo hata siku ambayo kipimajoto kinaonyesha nyuzi 27 tu, kuhema hakumsaidii kama kungemsaidia kwenye hewa kavu. Boti ikiwa inakwenda angalau kuna upepo. Ikifungwa ukingoni saa nane mchana, chumba cha ndani chenye vioo pande zote kinapata joto kulipita la nje, na chini ya sakafu kuna injini ambayo haijapoa.

Utaelewa basi kwa nini nakataa kabisa kumpunguzia maji. Unyevu anaoupoteza kwa kuhema lazima urudi, na mbwa aliyekaukiwa hawezi kuhema kwa faida. Awe na bakuli pana, zito, lisilopinduka, lililojaa maji safi muda wote, omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya boti. Kama shida ni kukojoa, dawa yake ni kupanga safari kwa saa tatu au nne kati ya kituo na kituo, jambo ambalo mto Saône unaliruhusu vizuri kwa sababu miji midogo yenye gati haiko mbali mbali sana. Dawa za kutuliza nazikataa kwa sababu nyingine: nyingi kati yake hulegeza misuli ya koo, ambayo kwa bulldog ndiyo inayoizuia njia ya hewa isizibe, na baadhi huvuruga uwezo wa mwili kurekebisha joto lake. Usimpe pia vidonge vyenu vya nyumbani. Ibuprofen na paracetamol zinaweza kumuua mbwa. Mngurumo wa injini unazoeleka. Ombeni kampuni ya kukodisha iwaruhusu mkae naye ndani ya boti injini ikiwa imewashwa, boti ikiwa bado imefungwa, huku mkimpa vipande vya chakula anachokipenda, na siku ya kwanza mwende mwendo mfupi tu. Kichefuchefu kwenye mto uliotulia si jambo la kawaida, na kikitokea, kuna dawa ya kuzuia kutapika ambayo daktari wake anaweza kuwaandikia na ambayo haimlewishi.

Jifunzeni sura ya mbwa aliyezidiwa. Anahema huku ulimi umepanuka mwishoni na kujikunja, ufizi unakuwa mwekundu sana kisha unageuka samawati au kijivu, sauti ya pumzi inabadilika na kuwa ya kukwaruza, mate yanakuwa mazito, anayumba, anatapika. Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39 na kidogo. Likifika 40 akiwa katika hali hiyo, msisubiri. Mpelekeni kivulini, chukueni ndoo yenye kamba ambayo itakuwa tayari kwenye sitaha, mteke maji ya mto na kummiminia mfululizo kwenye shingo, kifua, tumbo na mapaja, huku mwingine akimpepea kwa nguvu. Maji yoyote yaliyo baridi kuliko mwili wake yanafaa, na ile hofu ya zamani kwamba maji baridi humuua mbwa mwenye joto isiwacheleweshe. Msimfunike kwa taulo lililoloa na kuliacha juu yake, kwa sababu taulo hupata joto upesi na kuzuia upepo. Mpozeni kwanza, ndipo msafiri kumtafuta daktari. Na daktari aonwe hata kama amesimama na kutikisa mkia, maana figo na mfumo wa kugandisha damu vinaweza kuharibika siku moja au mbili baadaye.

Hapo ndipo swali la mwezi linapokuja. Mnaishi Baden-Württemberg, ambako shule hufungwa kwa wiki mbili wakati wa Pentekoste, mwishoni mwa Mei au mwezi wa Juni. Kama kazi zenu zinaruhusu, hiyo ndiyo safari ninayoitaka kwa mbwa huyu. Kama ni Julai tu, basi mna njia mbili za haki. Ya kwanza ni kumwacha kwa mtu mnayemwamini, na sioni aibu yoyote katika hilo. Mbwa hajui kwamba amekosa likizo. Ya pili ni kwenda naye mkiwa mmekubaliana kabla ya kuondoka kwamba utabiri wa hewa ukionyesha siku mfululizo za nyuzi 30 na zaidi, mtabadili ratiba au mmoja wenu atashuka naye. Mwendo uwe wa asubuhi na jioni, mchana mlale chini ya miti. Kumbukeni tu kwamba malango ya mto, yaani vile vyumba vya kuta ambamo boti hupandishwa au kuteremshwa na maji, yana saa zake za kufunguliwa, kwa hiyo huwezi kutoka alfajiri na kupita popote upendapo. Katika hili mmechagua njia nzuri. Kutoka Saint-Jean-de-Losne hadi Mâcon malango ni machache, wakati Mfereji wa Bourgogne, unaoanzia mji huo huo, una malango 189 katika kilomita 242, na bulldog angeshinda kutwa nzima ndani ya mashimo ya kuta zilizopashwa jua na zisizo na upepo.

Sasa maji. Si kweli kwamba kila mbwa anajua kuogelea. Mbwa wengi hurusha miguu wakiangukia majini, lakini kurusha miguu na kuelea ni mambo mawili. Bulldog ana kichwa na kifua kizito, miguu mifupi na nyonga nyembamba. Ili pua yake fupi ibaki juu ya maji lazima ainue kichwa sana, na akiinua kichwa sehemu ya nyuma inazama, mwili unasimama wima na nguvu zinaisha haraka. Kwa hiyo jaketi okozi la mbwa ni lazima, na livaliwe kila anapokuwa nje ya chumba, hata boti ikiwa imefungwa. Liwe na mshiko imara mgongoni na boya la kuinua kidevu. Mjaribuni kwanza kwenye maji ya kina kifupi katika ziwa la kuogelea karibu na kwenu, mshike mshiko na muone kama kweli jaketi halimtoki kichwani mnapomwinua. Ubaya wake ni kwamba jaketi linaongeza joto, basi liloweni, na chumbani mvueni.

Kuhusu kumfunga kamba kwenye sitaha na kumwacha, ninakuomba umzuie mume wako. Fikiria lango la Saône: ni chumba cha zege chenye urefu wa mita 185 na upana wa mita 12, kilichojengewa majahazi ya mizigo. Mnaingia, lango la nyuma linafungwa, na maji yanaanza kupungua ili mteremke. Mtu mmoja yuko kwenye usukani, mwingine ameshika kamba iliyozungushwa kwenye nguzo na anailegeza kadiri boti inavyoshuka, kwa sababu kamba ikifungwa fundo boti itaning'inia upande. Wote wawili wana shughuli. Mbwa aliyefungwa kwa mkanda wa shingo anaona mbwa mwingine kule juu ukutani, anaruka, anakosa, na anabaki akining'inia kati ya boti na ukuta unaoteleza kwa mwani, au anawahi kufika juu huku boti ikizidi kushuka na kamba ikizidi kukaza. Kamba ikimfikia mguuni, inaweza kumvunja. Kanuni yangu ni kwamba kwenye malango mbwa yuko ndani ya chumba, mlango umefungwa, dirisha liko wazi, na mtoto mkubwa amekaa naye. Mahali pengine, kama ni lazima kamba iwepo, ifungwe kwenye mkanda wa kifuani, mwisho wake uwe mkononi mwa mtu, na iwe fupi kiasi cha kutofika ukingo wa boti.

Akianguka licha ya hayo yote, mwenye usukani atoe gia mara moja. Propela ndiyo inayomuua mbwa aliyekwisha nusurika na maji, kwa hiyo injini isishike mpaka tezi iwe imeelekezwa mbali naye. Mtu mmoja asifanye kazi nyingine isipokuwa kumnyooshea kidole mbwa na kutomtoa machoni, kwa sababu kichwa kidogo cha rangi ya kahawia hupotea haraka kwenye maji ya rangi hiyo hiyo. Asiruke mtu majini. Mrudieni mkielekea kule maji yanakotoka, taratibu, muite jina lake kwa sauti ya kawaida, na anapokaribia ubavuni zimeni injini kabisa, ndipo mumvute kwa mshiko wa jaketi au kwa mti wenye ndoana. Chini ya Saint-Jean-de-Losne mto unapitiwa na meli kubwa za mizigo na za abiria ambazo haziwezi kusimama ghafla. Ikiwa moja inakuja, ipigieni honi na muoneshe kwa mikono. Mbwa aliyemeza au kuvuta maji apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo, hata kama anaonekana sawa, kwa kuwa mapafu huweza kujaa baadaye.

Maji ya mto kuyanywa: hapana, na sababu yake si uchafu wa kawaida tu. Kuna viumbe vidogo viitwavyo sainobakteria, wengi wanaviita mwani wa bluu-kijani, ambavyo baadhi hutengeneza sumu ya ini na baadhi sumu ya neva. Watu hudhani hatari iko kwenye maji yaliyotulia yenye povu la kijani peke yake. Mwaka 2003 mbwa walikufa kwenye mto Loue, mto wenye maji maangavu yanayokwenda kasi, na watafiti wakakuta sumu ya neva katika utando wa sainobakteria unaoota juu ya mawe ya chini. Loue unaingia mto Doubs, na Doubs unaingia Saône pale Verdun-sur-le-Doubs, ndani ya njia yenu hasa. Utando huo hung'oka, huelea hadi ukingoni na kukauka kama vipande vya rangi ya kahawia au nyeusi vyenye harufu ambayo mbwa huipenda, naye huvila. Dalili zake ni kutetemeka, kutokwa na mate, kulegea na kushindwa kupumua, na zinaweza kuanza ndani ya dakika chache. Msimwachie mbwa acheze na mawe ya ukingoni wakati wa kiangazi maji yakiwa yamepungua, na akiloa mumsuuze kwa maji ya bomba kabla hajajilamba.

Ugonjwa mwingine wa maji ni leptospirosi, ile homa ya mgunda iliyosikika sana Tanzania mwaka 2022 ilipozuka mkoani Lindi. Bakteria wake hutoka na mkojo wa panya na wanyama wengine wagugunaji, na kingo za mito ya Ufaransa zina panya na ragondin wengi, hao wanyama wakubwa wenye meno ya rangi ya machungwa ambao watoto wenu watawafurahia. Kuna chanjo ya mbwa inayorudiwa kila mwaka, hakikisheni haijapitwa. Inawahusu na ninyi, maana mbwa mgonjwa anaweza kuwaambukiza watu.

Mkibadili safari iwe Mei au Juni, neno moja la tahadhari: kupe bado wapo majanini, na Ufaransa ina kupe wanaoambukiza babesiosi, ugonjwa unaovunja chembe nyekundu za damu. Mpeni kinga ya kupe kabla ya kuondoka, mumpapase kila jioni masikioni, kwapani na kati ya vidole, na mkiona mkojo wa rangi ya kahawia iliyokoza au ufizi uliopauka, ni safari ya daktari usiku huo huo. Karatasi ni jambo jepesi kwenu: pasipoti ya mnyama ya Umoja wa Ulaya, chipu, na chanjo ya kichaa cha mbwa ambayo, kama ni ya kwanza, iwe imetimiza siku 21. Ndugu zetu walioko Uingereza wanahitaji cheti cha afya cha mnyama kilichotolewa ndani ya siku 10 kabla ya kuingia Umoja wa Ulaya, na dawa ya minyoo ya tegu kutoka kwa daktari kati ya saa 24 na 120 kabla ya kurudi nyumbani.

Yapo ninayoweza kusema kwa maandishi, na lipo moja ambalo haliwezekani bila kumshika mbwa. Mpelekeni kwa daktari wake angalau wiki sita kabla ya safari, mkiwa na video ya usingizi wake na nyingine ya pumzi yake baada ya kutembea dakika kumi. Mwambieni kama aliwahi kuzirai, kutapika povu, au kukaa chini katikati ya matembezi na kugoma kuendelea. Daktari atayaangalia matundu ya pua, atasikiliza koo kabla na baada ya kumtembeza, na ataamua kama anahitaji upasuaji wa kupanua pua na kufupisha kaakaa. Upasuaji huo huwasaidia wengi, lakini usifanywe mkiwa mmebakiza siku chache kuondoka, kwa kuwa koo huvimba na linahitaji kupona. Kama atasema njia ya hewa imebana sana, Julai ifutwe bila mjadala. Kama yuko mzito kupita kiasi, na kilo 13 kwa bulldog wengi ni nyingi kidogo, kumpunguza kilo moja au moja na nusu kabla ya safari kutamsaidia pumzi kuliko kifaa chochote mtakachokinunua.

Kabla hamjafungua kamba, andikeni kwenye karatasi iliyobandikwa karibu na usukani namba za kliniki za wanyama za Chalon-sur-Saône, Tournus na Mâcon, pamoja na saa zao za dharura, kwa sababu mtandao hukatika mahali msipotarajia. Kusini zaidi, Marcy-l'Étoile karibu na Lyon, ipo hospitali ya VetAgro Sup, chuo kilichotokana na shule ya mifugo ya Lyon iliyoanzishwa mwaka 1761, nao wana kituo cha ushauri wa sumu za wanyama. Namba yake iandikeni juu kabisa. Mkipiga simu, semeni kwanza mko kwenye kilomita ya ngapi ya mto na mji gani uko karibu wenye barabara ifikayo gatini, kwani daktari hataweza kuwafuata majini na teksi haitajua boti yenu imefungwa wapi.